Mkaja wa Mama Mdogo

Juzi nilipita soko la Tabora nikakuta sidiria na mikanda ya tumbo imetundikwa hadharani kama mishikaki, kijana akiinadi bila haya. Nilicheka peke yangu, halafu moyo ukaniuma. Nilimkumbuka mama mdogo.

Enzi zetu, miaka ya Ujamaa, nguo ya ndani ya mwanamke ilianikwa chini ya kanga, jua liipate lakini jicho lisiipate. Na mwanamke alitakiwa awe na mwili. Bibi yangu alikuwa nao, shanga za kiunoni zikilia kabla hajatokea mlangoni. Wembamba aliuita ugonjwa. Mama mdogo, ambaye tayari alikuwa ameposwa na watu wa Kwihara, alitaka kiuno cha picha aliyoiona dukani kwa Mhindi. Akanunua mkanda wa lastiki wa kubana tumbo, akawa anashinda na njaa.

Siku moja upepo, eti upepo, ukafunua kanga kambani. Mpaka leo naushuku mkono wa jirani. Aliuona ule mkanda, mpana, mweupe, akaingia jikoni kwetu na sauti ya chini: "Hongera, bibi. Mbona hamkutuambia mna mzazi humu?"

Kwetu anayefungwa tumbo ni aliyetoka kujifungua, na kitambaa chenyewe ndicho mkaja. Bibi alipika uji wa pilipili manga, uji wa wazazi, akamwekea mwanawe, akakaa kumtazama. Mama mdogo kwa njaa yake akaumaliza wote.

"Haya," Bibi akasema. "Mtoto umemtupa wapi?"

Mama mdogo aliapa, akalia, akauvuta mkanda mbele yetu tuone unavyorudi. Bibi akaguna tu. Wanawake wa Kwihara walipousikia uvumi na kuja kuchunguza, aliwafukuza: "Mwanangu si wa kukaguliwa!" Posa ikafa hapo hapo. Lakini ndani ya nyumba aliendelea kumtazama tumboni. Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja.

Baadaye mama mdogo aliolewa Urambo, akaja kujifungulia kwetu. Bibi ndiye aliyemzalisha, ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto. Siku hizi mkanda haumtii mtu mashakani, ila na wa kukukanda namna ile humpati. Bibi alipofika kwenye kufunga mkaja, alilipapasa lile tumbo, akalijua ni la mzazi wa mara ya kwanza, mikono yake ikasita.

"Kumbe kweli ndiye wa kwanza," akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, mwanangu."

Mama mdogo alikuwa ameutazama ukuta.

"Kaza, mama," akasema. "Unalegea."