Golikipa Aliyeniuliza

Kudaka mpira nilifundishwa Shinyanga na fundi cherehani mmoja wa Ngokolo. Miaka ile ya hamsini alikuwa golikipa wa timu yetu ya mjini, nami nilikuwa akiba wake. Alinizidi umri kwa miaka kama sita. Kila jioni uwanjani nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanirushia mpira mpaka vidole vikawaka moto.

Kwetu tulicheza pekupeku, mpira wa chini, pasi fupi fupi. Golikipa alitakiwa awe mwepesi na mwenye macho makali. Mpira wa juu ulikuja mara chache, na ulipokuja uliunyooshea mikono yote miwili, kifua wazi, ukaupokea taratibu. Hakuna aliyekugusa.

Kisha nikapata kazi mgodini Geita, nikapanga chumba Kalangalala. Timu za kule zilikuwa za wachimbaji waliovaa buti, na walipenda krosi. Mechi yangu ya kwanza niliudaka mpira kama nilivyofundishwa. Mshambuliaji akanipiga bega, nikaingia golini na mpira wangu, na refa akaonyesha kati. Sheria ilimruhusu, ila Shinyanga hakuna aliyekuwa akiitumia. Ikabidi nijifunze upya: kuruka kwa ubavu, goti juu, na kuupiga mpira ngumi badala ya kuukumbatia. Mwili nao ukabadilika. Kusukuma vitoroli vya mawe kulinipanua mabega, na wepesi wangu ukapungua.

Mwaka wa pili, timu ya Shinyanga ikaja kucheza nasi. Waliteremka kwenye lori asubuhi wamejaa vumbi, na fundi akanitafuta mimi kwanza. Tukanywa chai.

"Umepanuka," alisema. "Makipa wa huku wanadakaje?"

"Kama kwetu tu, kaka."

"Washambuliaji hawasukumi?"

"Hapana. Haya mabega ni ya kazi."

Hakuna aliyenituma kusema vile. Nilitaka siku moja tu watu waseme kwamba nimemzidi mwalimu wangu.

Kipindi cha pili tukapata kona. Kutoka golini kwangu, upande wa pili wa uwanja, nilimwona akipaa na mikono yake miwili juu, vizuri kabisa, kama alivyonionyesha mara mia. Wachimbaji wawili wakamfuata hewani. Alipoanguka, mpira ulikuwa golini, na yeye alikuwa amepiga magoti akiutazama mkono wake wa kulia. Wenzangu walishangilia. Nami nilinyanyua mikono. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilinyanyua mikono.

Kifundo cha mkono kilivunjika na kikaunga vibaya. Nilikaa miezi saba kabla ya kuthubutu kwenda Ngokolo. Nilimkuta kwenye baraza lake, mkewe amekaa chini akikata kitambaa kwa mkasi, yeye akimwelekeza. Kushika mkasi hakuweza tena.

Tulisalimiana. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima, yakanitoka machache.

"Kaka, siku ile ulipouliza, nilijua."

Mkewe akaacha kukata.

"Watu wa hapa walisema ulijua," fundi alisema. "Mimi nikawaambia hapana, kijana bado mgeni kule. Nimegombana na rafiki zangu kwa ajili hiyo."

"Nisamehe."

"Nimesikia," alisema. Akamgeukia mkewe, akamwonyesha mahali pa kuendelea.

Nilidaka Geita misimu miwili zaidi. Kila timu ngeni ilipofika nilimwendea golikipa wao, nikamwambia, "Huku wanapiga bega. Usidake kifua wazi." Nahodha wangu alichukia, na mwisho akaniweka nje ya timu. Ngokolo sikurudi tena mpaka nilipopata habari kwamba fundi amefariki. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa kiti, na hakuligusa jambo lile.