Pasaka Mama Alipojifunza Baiskeli

Harufu ya matope mabichi na grisi ya cheni ikinipata popote, naiona barabara ya Mbinga kwenda Kigonsera wakati wa masika, na mama yangu yuko chini, baiskeli imemlalia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupita vijijini, na baba mdogo, aliyewafanyia kazi, alinunua baiskeli mpya ya Kichina. Mama alimwomba aiazime, aende kwao Ngumbo, ziwani, likizo ya Juni. Baba mdogo alicheka sana.

"Shemeji, hata kuipanda hujui! Basi, Jumatatu ya Pasaka ukifika Kigonsera na kurudi bila kusukumwa na mtu, Juni nakupa."

Nadhani alisema hivyo ili mama akate tamaa. Ijumaa Kuu ilikuwa ya ibada, kwa hiyo mazoezi yalianza Jumamosi asubuhi. Mama alivaa suruali ya baba, akajifunga kitenge juu yake, na baba akawa anakimbia nyuma ameshika keria. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilikimbia pembeni nikishangilia.

"Baba Fina, usiachie!"

"Sijaachia, Mama Fina! Tazama mbele!"

Alikuwa ameachia zamani. Mama alipogeuka na kumwona yuko mbali, aliingia moja kwa moja kwenye kahawa za jirani. Jirani mwenyewe alitoka akauliza kama siku hizi mbolea inaletwa kwa namna hiyo. Tulicheka wote, mama naye, huku akichambua majani kwenye nywele.

Jumapili, baada ya Misa, alifanya mazoezi tena. Kina mama wa jumuiya walisimama kuitazama ile suruali, lakini mama aliwapungia mkono, akayumba, akanyooka, akapita.

Jumatatu tuliondoka mapema, baba akiwa na baiskeli yake kuukuu na mimi nyuma yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kilima kimoja mama alianguka vibaya, goti likachanika. Baba alisimamisha baiskeli akataka kumwinua.

"Usiniguse!" mama alisema. "Shemeji alisema bila kusukumwa."

Alinyanyuka peke yake, akaikokota baiskeli mlima mzima kwa miguu, kisha akapanda tena. Kigonsera alikunywa maji tu, akageuza. Jioni baba mdogo alimkuta kwenye ngazi za nyumba akisafisha kidonda. Alilitazama goti, akatazama chini. "Shemeji, Juni njoo uichukue," akasema.

Juni tulikwenda Ngumbo, na tukalala njiani. Bibi, mama yake mama, alikuwa haoni tena. Alinikamata, akanipapasa paji, pua na masikio, taratibu, kama mtu anayechagua mbegu.

"Mmekuja na nini?"

"Na baiskeli, mama."

"Nani amekuendesha?"

"Nimejiendesha."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, akaagiza tupikiwe samaki.

Alifariki mwaka uleule, kabla ya mvua. Kwa miaka mingi niliamini mama alijifunza baiskeli kwa sababu alipenda vitu vipya. Nilikuwa nimekwisha kuolewa baba aliponieleza, tukipukuchua mahindi barazani. Keria yake ilibeba mtu mmoja. Alikuwa amemwambia mama wapande wawili, mtoto abaki kwa majirani. Mama alikataa.

"Akasema, mimi mama ananijua," baba alinieleza. "Fina ndiye hajamgusa."

Safari ile yote nilikuwa nimekaa nyuma ya baba nikila ndizi, nikidhani tunatembea tu. Sasa namshukuru mama kila ninapomkumbuka. Asingeanguka barabarani Pasaka ile, bibi angekuwa kwangu jina tu la kutajwa kwenye sala.