Jina la Bibi Kanta

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, Bariadi ilijaa malori na wageni wenye haraka. Mmoja alikuwa Mhindi aliyepanga nyumba mtaa wa Somanda pamoja na mama yake mzee, Bibi Kanta. Jirani yangu Felisita alipata kazi ya kuwapikia.

Kila alfajiri bibi alikaa sakafuni akirudiarudia maneno yaleyale, chai ikapoa. Felisita, Mkatoliki asiyekosa jumuiya, alidhani ni uchawi. Alipouliza, bibi alicheka. Akaeleza kwamba hiyo ni mantra, neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya kwao: “man” ni kuwaza, “tra” ni chombo. Akili hukimbia huku na huko, na maneno hayo ndiyo ya kuishikia.

Felisita aliyakariri bila kutaka. Bibi alipougua na sauti kumwisha, alimshika mkono, akamwonyesha sikio lake. Felisita alimsemea maneno yale sikioni hadi bibi akakata roho. Mwili wake ukachomwa moto kwa desturi yao, na msimu ulipoisha mwanawe akahama.

Mwaka uliofuata Felisita alijifungua binti. Mtoto alilia usiku na mchana, akakataa ziwa, akabaki mifupa mitupu. Hospitali hawakuona ugonjwa. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo husemwa anadai jina la marehemu wake, basi mama mkwe, Milembe, akamtajia mababu na mabibi wote wa ukoo. Wapi! Mimi na ujuaji wangu nikashauri wamrudishe hospitali wakamwekee dripu. Kwa kukata tamaa, Felisita akamnong'oneza maneno ya bibi. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

“Mwenye jina amepatikana,” Milembe alisema.

Felisita alilia, akisema yule si wa ukoo, hana hata kaburi hapa. Lakini mtoto alikuwa anakufa. Wakamwita Kanta, wakamfunga ushanga kuwa ishara ya jina hilo, na tangu siku hiyo Felisita hakuyatamka tena maneno yale.

Kanta alinenepa. Alipoanza kuongea, asubuhi moja nilimkuta amekaa peke yake, macho kayafumba, anayarudia yote bila kukosea. Watoto huokota maneno, najua, lakini huyu angeyaokota wapi?

Nilimuuliza Felisita kama anajuta. Alikuwa akichambua mchele.

“Mwanangu yuko hai, dada,” alisema. “Ila nikimwita, huwa naogopa atakayeitika.”