Wean, Bairn, Mutoto

Katika ghala moja la bandari ya Port Botany, ughaibuni, nilifanya kazi na Waskoti wawili ambao hawakukubaliana hata neno la kumwitia mtoto. Msimamizi wetu, mtu wa Glasgow, alisema wean. Dereva wa forklifti alitoka pwani ya kaskazini ya nchi hiyohiyo yao, ambako mvulana huitwa loon na msichana quine, na mtoto mchanga kwake alikuwa bairn. Kila saa ya chai msimamizi alimcheka kwamba hilo ni neno la wanuka samaki. Mimi nilicheka naye. Nilikuwa na kidato cha nne cha Tabora, na kucheka matamshi ya watu nilikuwa nimekuzoea.

Mezani alikuwapo pia rafiki yangu Mkongomani. Alikuwa ameniomba nimsimamie mwanawe kwenye ubatizo Jumapili iliyokuwa inakuja, katika kanisa la mtaa wa Granville. Yeye alisema mutoto, na wakiwa wengi, batoto. Nilimsahihisha mbele ya watu, naye akainamia chakula chake.

Ijumaa dereva alileta picha ya mjukuu wake aliyezaliwa juzi. Alilitamka neno lake taratibu. Msimamizi akanikonyeza. Nikaiga lafudhi ya Glasgow: “Huyo ni wean, babu. Bairn hulala kwenye ndoo ya samaki.”

Kichwa cha dereva kilitua kwanza kwenye pua ya msimamizi. Nilisikia mfupa ukivunjika, damu ikarukia mkate wangu. Kisha akanigeukia na ubao wenye misumari. Pigo la kwanza lilinivunja meno, la pili likanipasua shavu. Nilipoanguka alinikanyaga vidole, akanipiga mateke ya mbavu, na kwa kila teke akasema bairn, bairn, mpaka wanaume wakamvuta.

Rafiki yangu alinishika kichwa, akaniziba damu kwa shati lake. Nilitaka kumwambia kwamba Jumapili nitafika hata hivyo, mdomo ukakataa.

“Mi nilikuwa nakuvumilia, muzee,” alisema bila hasira. “Ule hakuweza. Jumapili usikuye. Mutoto wangu nitamutafutia mwengine.”

Jumapili nilivaa suti, nikakaa kituo cha treni cha Lidcombe, taya limefungwa bandeji. Treni za Granville zilisimama, zikafungua milango, zikaondoka.

Mtoto yule wa rafiki yangu sasa ana ndevu. Tukikutana hunisalimu kwa Kiingereza, kama anavyomsalimu mzee yeyote.