Dhambi Ambayo Baba Hakuitenda

Jicho la kushoto la baba lilipoanza kuona ukungu, karakana ya reli ilimpumzisha hadi daktari atoe neno lake. Sisi wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, tulijua maana yake. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ikiondoka, nyumba haibaki nyuma kukulilia. Mimi, kifungua mimba, nilikimbia kufunga mlango wetu kila nilipoona mgeni akisoma namba za milango.

Kwa bahati njema, tulikuwa watu wa wokovu. Nasema bahati njema kwa sababu asiyeokoka akiugua jicho, huugua jicho tu. Aliyeokoka huugua jicho, kisha hupata ndugu wa kuja kumwuliza amefanya nini.

Walikuja kila Alhamisi jioni, wazee watatu na dada mmoja mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Waliomba kwa moyo wote, lazima niseme, na chai waliinywa kwa moyo huohuo. Kisha kiongozi wao, mzee mshona akala, vile viatu vya matairi, pale soko la Kariokor, alimgeukia baba na kumkumbusha kwa upole kwamba Bwana hachapi mtoto bure. Aweke mambo nuruni. Baba akajichunguza. Alitubu kumsengenya msimamizi wake, akatubu hasira, akatubu hata kusinzia wakati wa mahubiri. Yote hayo yalionekana madogo mno kwa jicho zima. Waliondoka na huzuni wakiahidi kurudi, na ahadi hiyo hawakuivunja hata mara moja.

Mama aliomba peke yake jikoni, huku akipunguza majani ya chai. Aliamini kwamba Mungu angetutazama. Lini, hakusema, nami nilimkasirikia Mungu kwa niaba yake.

Alhamisi moja baba alisimama, akashika mgongo wa kiti, akatangaza kwamba amekuwa akinywa busaa, ile pombe ya kienyeji, kwa siri kule mtaa wa Kaloleni. Nyumba nzima ilijaa nyimbo. Walimkumbatia, yule dada akalia, mzee wa akala akasema sasa mlango umefunguka. Hakuna aliyeutazama uso wa mama. Baba yangu alikuwa mtu wa kuziba pua akipita penye busaa, na jioni zote alikuwa pale pale nyumbani, akijifunika jicho moja na kujaribu kusoma kalenda ukutani.

Walipoondoka, mama alimwuliza, "Baba watoto, ulikunywa lini?"

"Sikunywa. Nilichoka," baba akasema. "Na wao niliona wamechoka."

Mama hakumgombeza. Alhamisi iliyofuata, kabla wimbo haujaanzishwa, alisimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe. Mume wangu hakunywa. Mungu hajatuambia sababu ya jicho hili, na nyinyi pia hajawaambia. Kama mnaweza, kaeni tumngoje pamoja."

Sijawahi kusikia chai ikinywewa kimya hivyo. Nilifurahi kupita kiasi, na sina haja ya kujifanya sikufurahi.

Mlango, hata hivyo, ulifunguka kweli. Daktari alisema jicho halitarudi, na tukaombwa kuihama nyumba mwisho wa mwezi. Niliwasubiri wale ndugu nikiwa na maneno yangu tayari, makali, niliyoyanoa siku nyingi. Wakaja na mkokoteni. Mzee wa akala alivuta mbele, wenzake wakasukuma nyuma, na yule dada alijitwisha sufuria zetu zote. Hawakuuliza dhambi, hawakueleza lolote. Maneno yangu yakakosa pa kwenda, na jambo hilo liliniudhi hadi tulipofika.

Chumba tulichopata kilikuwa kimoja, ng'ambo ya pili ya barabara ya Jogoo, na vitu vyetu vilikijaza hadi mlangoni. Mama alimwomba mzee akiombee. Mzee akatikisa kichwa, akamwelekezea baba mkono. Tangu siku ile ya busaa baba hakuwa ameomba kwa sauti, na mimi niliogopa kwamba hataomba tena. Alivua kofia. Alisimama kati ya godoro na kabati, akitazama sakafu kwa jicho lililobaki.

"Bwana," akasema, "tumehama. Sasa tuko hapa."