Zamu ya Mkwe Bwawani

Kilichotutoa Kyela hadi Mbeya ni karatasi iliyofungiwa karanga. Binti yangu Tumpe, wa miaka kumi, alizimaliza karanga, akaisoma karatasi, kisha akaja nayo mbio dukani kwangu Bondeni. Lilikuwa tangazo: bwawa la kuogelea, bomba refu la kuteleza hadi majini, bembea, na gurudumu la kuzungushia watu hewani, vyote pembeni mwa mji wa Mbeya. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye vijisenti alikuwa anafungua kitu, na huyu naye kafungua maji. Nilicheka. Sisi wenye ziwa zima mlangoni twende kulipia maji! Lakini Tumpe alikuwa amefanya vizuri shuleni na baba yake alishamwahidi zawadi, kwa hiyo nikanyamaza.

Shida ilianza baba mkwe wangu wa Ndandalo aliposikia.

"Na mimi nitakwenda," alimwambia mume wangu. "Nataka kuyaona hayo maji ya kulipia kabla sijafa."

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamwiti jina, hamgusi, hakai naye chumba kimoja. Mkikaribiana njiani, wewe unaingia kwenye migomba. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa nilikuwa nimeona kofia yake, mgongo wake na viatu vyake. Nilichokijua vizuri ni kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, anachokitoa langoni ili nipate nafasi ya kukimbia. Jina lake sitaliandika hata hapa.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wake wengine. Nilikuwa navuka mpaka kila wiki kununua vitenge Karonga, upande wa Malawi, na mzee hakupenda. Aliwahi kusema mbele ya ndugu kwamba mke anayelala Karonga kwa ajili ya vitenge heshima imeanza kumtoka, na siku akikosea mara moja tu atarudishwa kwao Ikolo. Haukuwa utani.

Wiki nzima, basi, tulipanga safari kama watu wanaopanga harusi. Mzee alikuwa aende Karonga kumwona dada yake mgonjwa, mume wangu na Tumpe wamsindikize. Wakitoka huko wangelala Kasumulu, mpakani, asubuhi wapande moja kwa moja hadi Mbeya kwa pikapu ya rafiki. Mimi na wifi yangu Sekela, pamoja na wanangu wawili wadogo, tungetoka Kyela kwa basi. Sekela ndiye aliyegawa zamu za bwawa.

"Asubuhi ni yao," alisema. "Saa sita kamili wanatoka kwa lango la nyuma wakale. Saa sita hiyohiyo sisi tunaingia la mbele."

"Na mzee akichelewa?" niliuliza.

"Baba? Yule anayetazama saa yake hata akiwa anasali?"

Nikaridhika.

Jumamosi alfajiri tuliondoka Kyela. Joto la kwetu tuliliacha bondeni, na tulipofika Tukuyu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, wanangu wakitetemeka na mimi nikijilaumu kwa kusahau masweta. Tulikunywa chai na ndizi za kuchoma. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilijiambia kwamba leo mzee atafurahi na wajukuu wake, na pengine habari ya kunirudisha Ikolo itasahaulika.

Saa tano na nusu tulifika. Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa kwetu, akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mama."

"Ndaga. Tunasubiri saa sita ndipo tuingie."

Alitushangaa, akatupatia benchi. Kisha akanieleza kwamba bwawani khanga haziruhusiwi, nikodi kaptula na fulana. Kaptula! Mimi, mama wa watoto watatu! Nilitaka kurudi Kyela hapohapo. Sekela alicheka hadi akashika ukuta.

Saa sita kamili, redio ya kibandani ilipopiga saa, tuliingia. Nilivaa ile kaptula huku nikiivuta fulana hadi magotini. Sekela akasema, "Ngoja kwanza nikachungulie kama wametoka."

"Uchungulie nini? Saa ni saa," nilimjibu. Nilimwachia watoto, nikapanda ngazi za bomba kabla ujasiri haujaniishia.

Bomba lile lina kona, kwa hiyo ukiwa juu huoni mwisho wake. Nilijiachia. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Tukuyu, nikazunguka, nikatupwa nje, nikamkumba mtu kifuani. Tukazama wote wawili. Nilipoibuka nilikuwa nimemshika mkono mzee mmoja mwembamba, kifua wazi, maji yakimtiririka kwenye mvi.

"Shikamoo baba, nisamehe," nilimwambia huku nacheka.

Maji yalikuwa yamempalia. Akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu.

Nilitaka kumwachia mkono, vidole vikakataa kufunguka. Ndipo Tumpe akapiga kelele kutoka ukingoni: "Mama! Umemwangusha babu!"

Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwona uso, nikiwa na kaptula ya kukodi. Kisha akafumba macho, akaunyofoa mkono wake, akanipa mgongo. Alisimama hivyo majini, viganja usoni, hadi nilipotoka. Mume wangu alikuwa akitoka kununua soda, na chupa zilimdondoka.

Nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo. Nililia kwa aibu na kwa hofu. Nje nilimsikia Sekela akimfokea kaka yake, naye akijitetea: "Saa ya baba inasema saa tano!"

Ndipo nilipoelewa. Kule Karonga, shangazi, yule dada yake mzee, alikuwa amemrekebishia saa ilingane na ya kwao, asikose ibada. Malawi wako nyuma yetu kwa saa nzima. Na mimi ninayevuka mpaka kila wiki, ninayejua jambo hilo kama ninavyojua bei ya kitenge, sikuliwaza hata mara moja.

Saa nane tuliondoka, wao kwa pikapu na sisi kwa basi. Hakuna aliyepanda gurudumu. Kutoka Mbeya hadi Kyela Sekela alinishika mkono bila kusema neno, na kwa Sekela hilo ni jambo la kutisha.

Siku nne nilingoja nyumbani. Mume wangu alikwenda Ndandalo mara mbili, akarudi akisema tu, "Mzee hajasema." Siku ya tatu nilianza kupanga nguo zangu kwenye sanduku, zilizo chini ya rundo kwanza, kama mtu asiyetaka kuonekana anaondoka.

Siku ya tano asubuhi nilisikia kikohozi langoni. Nilikimbilia migombani nyuma ya jiko. Hakuingia. Tumpe ndiye aliyekuja, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na saa ya mzee.

"Babu anasema aliyekosea ni hii, si wewe," alisema Tumpe. "Anasema wewe ndiye unayejua saa za huku na za kule, umrekebishie. Na ukienda tena Karonga, umsalimie shangazi."

Nilimwambia arudie. Akarudia, neno kwa neno, hasa lile la Karonga.

Nilijifunza siku hiyo kwamba heshima haikuwa ile migomba niliyokuwa nikijificha nyuma yake. Nilisogeza mishale mbele saa nzima, nikaifunga saa kitambaani, nikampa Tumpe. Kisha, bila kutoka nilipokuwa, nilipaza sauti kumshukuru: "Ndaga fijo, baba."

Kule langoni mzee akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu, na safari hii sikukimbia.