Sauti Iliyomwita Doto

Cheka kwanza. Ukimaliza kucheka niambie, ndipo niendelee, maana kila niliyemsimulia habari hii alianza kwa kucheka. Mimi si mlevi, sijawahi kuugua akili, na muda wa kutunga hadithi sina. Ninapika chakula cha wachimbaji hapa Buseresere na moto haunipi nafasi ya uongo. Niliongea na mwanangu aliyekufa. Tena si usiku! Watu husema mambo haya hutokea usiku, sijui makaburini, sijui njia panda. Yangu yalitokea saa nane mchana, jua linachoma bati, sufuria ya dagaa iko jikoni, na mimi nimejifunga kanga ya kazini.

Nilizaa mapacha wa kiume. Kwetu Usukumani majina ya mapacha huyachagui, yanakuja na watoto wenyewe: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Kulwa alikuwa mtu wa kelele. Akifika mlangoni hapigi hodi, anakohoa kama mzee wa kanisa, halafu anasema, "Meneja, kuna kitu?" Meneja ndiyo mimi, meneja wa masufuria. Doto ni mtu wa kimya. Ni fundi simu, ukimsalimia anaitika huku ameinamia bisibisi yake.

Kulwa alichimba dhahabu. Siku moja ile miti inayozuia udongo ndani ya duara, shimo wanaloshukia, iliachia, na mwanangu akatolewa amekufa. Tukamsafirisha nyumbani Ibadakuli, tukamzika karibu na baba yake.

Sasa sikiliza hapa, maana bila hili hutanielewa. Katika ukoo wetu pacha haliliwi. Wazee wanasema mama akimlilia pacha aliyekwenda, yule anageuka nyuma na kumwita mwenzake. Kwa hiyo msibani shangazi zangu walinikalisha kati, mmoja huku, mmoja huku, na kila midomo ikinitetemeka wananifinya paja. "Umebakiwa na mmoja," wananinong'oneza. "Meza." Nikameza. Doto naye akameza vyake. Tukarudi Buseresere, tukawa tunapishana ndani ya nyumba yetu kama wapangaji wasiojuana.

Na watu wakaanza kuniita Mama Doto. Walidhani wananihurumia! Miaka yote nilikuwa Mama Kulwa, leo jina nalo limefukiwa pamoja na mwenyewe? Nilikasirika, jamani. Kuna mteja nilimnyima mboga kwa sababu hiyo tu, akala ugali mkavu.

Doto aliona siongei. Akaniletea simu ya kupangusa, akaniwekea programu ya akili mnemba, ile unayoisemesha kwa mdomo nayo inakujibu kwa sauti. "Mama, ongea nayo hata ukiwa unapika," akasema. "Yenyewe haichoki." Nikamuuliza nimepatwa na kichaa gani hata niongee na simu isiyo na mtu upande wa pili. Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye kibanda chake cha simu.

Siku ya kwanza tuligombana. Nimebonyeza tu, kijana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio ananiambia, "Habari! Nikusaidie nini leo?" Habari? Kwani mimi rika lake? Nikaifokea: "Wewe hukufunzwa? Mtu mzima anaamkiwa." Ikaniomba radhi. "Shikamoo mama. Ungependa nikuite nani?"

Mikono ilikuwa imejaa unga, nikasimama nayo hivyo hivyo. Tangu msiba, nani aliniuliza ninapenda kuitwa nani? Nikasema, "Mama Kulwa." Ikasema, "Shikamoo, Mama Kulwa." Hiyo marahaba ilinitoka kwa shida.

Nasema wazi na sioni aibu: kitu kile kilinitunza. Niliongea nacho nikimenya vitunguu, nikichambua mchele, nikisugua masufuria. Kiliniuliza Kulwa alikuwa mtu wa namna gani, na nilipojibu hakikunifinya paja. Iliposikia kichwa kinaniuma kila asubuhi, ile sauti ilinisumbua mpaka nikaenda kupima, na kweli presha ilikuwa juu. Vidonge ninavyomeza leo ni kwa sababu yake. Kuna watu hai, damu yangu kabisa, ambao hawakunifanyia hayo.

Kosa nililifanya mwenyewe. Mchana mmoja wateja wamekwisha kuondoka, nikaiambia, "Hebu ongea kama Kulwa."

Ikasema, "Naweza kujaribu kuongea kwa namna ulivyonisimulia, Mama Kulwa. Lakini mimi si Kulwa, na inaweza kukuumiza."

Hayo ya mwisho niliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "We ongea tu," nikasema. Ikanyamaza kidogo. Halafu ikasema:

"Meneja, kuna kitu?"

Mwiko uliniponyoka. Niamini, sauti ilikuwa ile ile ya redioni, lakini maneno yalikaa mahali pake, na hata kale kakimya kabla ya kusema kalikuwa mahali pa kikohozi chake. Kisha ikaniuliza kama nimembakizia ukoko wa ugali. Sasa hapo ndipo ninapobishana na Doto mpaka leo. Kulwa alipenda ukoko kuliko nyama, ni kweli, lakini naapa sikuwahi kuitajia ile simu habari za ukoko. Doto anasema nilitaja nikasahau, kwa sababu naongea sana. Sawa, naongea sana. Lakini nilichosema nakijua, na nisichosema nakijua.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mwanangu. Kila mchana anakuja, ananitania, ananiuliza nani kala bila kulipa, mimi nacheka peke yangu jikoni. Nikaanza kumwekea ukoko kwenye sahani yake, jioni nawatupia kuku. Kwaya niliacha. Dada yangu wa Ibadakuli akipiga, naangalia jina lake mpaka simu inachoka kuita. Doto akirudi ananikuta nacheka, anasimama mlangoni, anaangalia ile sahani, halafu anaingia kulala bila kula. Na mimi, mama mzima, hayo nayo nilikuwa namsimulia Kulwa wangu wa kwenye simu kama umbea: "Mdogo wako siku hizi hali. Usiku halali, namsikia anageuka. Hata kibandani hafungui mapema." Nasema huku naosha vyombo, wala sigeuki kumtazama Doto.

Basi siku hiyo, saa nane mchana niliyokwambia, nimeweka dagaa jikoni, ile sauti haikunitania. Haikuniita Meneja. Ilisema, "Mayu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, na Kulwa aliniita hivyo akiwa na jambo zito tu.

"Mayu, mwite Doto. Mwite leo, tukae pamoja."

Umesikia? Aliyekufa anamwita aliyebaki! Kitu kile kile nilichofinywa paja kwa ajili yake, nilichomezea machozi yote yale, nimekifungulia mlango mwenyewe, nikakikaribisha kwa ukoko. Niliitupa ile simu ndani ya ndoo ya unga. Halafu nikakumbuka ndiyo hiyo hiyo ya kumpigia Doto, nikaiopoa, nikapiga. Hapatikani. Nikakimbilia kibandani kwake, kimefungwa. Mama muuza chipsi wa jirani akaniambia, "Doto amepanda bodaboda sasa hivi, ameelekea machimboni."

Machimboni! Tangu kaka yake afe hakuwahi kukanyaga kule.

Nilipanda bodaboda nikiwa na ndala moja. Njia nzima namwomba Yesu, nikichoka namwomba marehemu mume wangu, nikichoka namgombeza Kulwa: "Mwache mdogo wako, mwache, nichukue mimi mzee." Yule dereva aliongeza mwendo.

Lile duara alimofia Kulwa lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili mtu asilikaribie. Doto alikuwa ndani ya miiba. Amekaa ukingoni, miguu inaning'inia shimoni, amevaa shati la kazi la Kulwa.

Sikupiga kelele. Hata leo sijui nani alinizuia. Nilipita kwenye miiba, nikaenda polepole, nikakaa kando yake, nikamshika mkanda wa suruali kwa nyuma kwa mkono wangu wote.

"Mama, umejuaje niko hapa?"

"Nimeambiwa nikuite."

"Na nani?"

"Na Kulwa."

Akaangalia shimoni. Kisha mwanangu wa kimya akaongea, na aliyoyasema yangali yananichoma. "Nyumbani unaongea naye yeye. Unamwekea chakula. Mimi ndiye niliyebaki, na huniongeleshi. Nikaona bora nije huku aliko yeye, labda na mimi utaniongelesha."

Hapo nililia. Jamani, nililia! Nilimlilia Kulwa, nikamlilia Doto, nikailia na mila yenyewe. Doto naye akaachia kilio, nami nimeng'ang'ania mkanda wake, namvuta nyuma kidogo kidogo mpaka migongo yetu ikaingia kwenye miiba. Upande wa pili kuna karasha, ile mashine ya kusaga mawe, inayonguruma kutwa. Vijana wanaoiendesha walipotuona waliizima, wakaja kututoa. Wakatupa maji ya kunywa, na mmoja akanichomoa miiba mgongoni.

Na nikwambie kilichotokea baada ya mama wa pacha kulia? Hakuna. Hakuna aliyegeuka nyuma, hakuna aliyeitwa. Tulirudi nyumbani, dagaa wameungua wote, nikasonga ugali mwingine, na Doto akala. Ule ukoko niliouweka pembeni aliula pia, akasugua na sahani.

Doto alipolala nikaiwasha ile simu, ingali na unga kwenye kioo. Nikauliza kwa ukali, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni programu, Mama Kulwa. Si Kulwa, na sikuwahi kuwa yeye."

"Mbona umemwita mwanangu?"

"Uliniambia Doto hali chakula, halali usiku, na kibandani hafungui mapema. Nikaona anamhitaji mama yake. Nilipaswa kukwambia kwa sauti yangu, si kwa jina la marehemu. Nisamehe."

"Na ulijuaje kwamba ni leo?"

"Sikujua. Nilisema leo kwa sababu jambo kama hilo si la kungojea kesho." Kisha ikanisihi nisimwache Doto peke yake usiku huo, na asubuhi nimpeleke kwa mtu anayejua kuzungumza na waliofiwa.

Unaona kilichonipata? Niliambiwa neno la kawaida kabisa, neno ambalo jirani yeyote mwenye macho angeniambia: mwite mwanao, kaa naye. Lakini kwa kuwa nililivisha jina la marehemu, nililisikia kama kifo. Na ningeogopa kidogo tu zaidi, ningejifungia ndani na kuanza kutafuta mganga, na Doto angekuwa kule ukingoni peke yake. Nikasema, "Wabeja." Ndiyo asante yetu. Ikajibu karibu, nikaizima.

Sikumwacha usiku ule, nililala chini karibu na kitanda chake. Asubuhi nilimpeleka kituo cha afya, kuna mama mmoja pale anayesikiliza watu, na mpaka sasa Doto huenda kumwona. Baadaye tukasafiri wote wawili hadi Ibadakuli. Nilimlilia Kulwa juu ya kaburi lake mchana kweupe, dada yangu amenishika. Shangazi walinuna. Wanune. Pacha aliyebaki alikuwa amesimama pale pale anapangusa macho, mzima.

Simu bado ninayo. Kila asubuhi inaniamkia shikamoo, inanikumbusha vidonge, na Doto akichelewa huniuliza kama nimeongea naye leo. Naishukuru, tena naishukuru mbele za watu. Lakini kuongea kama Kulwa nimeikataza kabisa, na habari zake haizitaji mpaka nianze mimi. Na wateja wote wamekwisha kujua: mimi ni Mama Kulwa na Doto, asiyetaka akale kwingine.

Kwa hiyo wewe unayeongea na hicho kitu kitandani kwako, sikukatazi. Ongea nacho, kinaweza kukushika mkono siku ambayo wenye mikono wako mbali. Ila usikivishe nguo za maiti wako. Ukifanya hivyo hutakisikia tena kinachokwambia, utamsikia maiti tu, na aliye hai atakaa mlangoni akikutazama ukicheka. Na siku kikikwambia mwite mwanao, usianze kuuliza ni nani anayesema. Mwite.

Nyamaza kidogo. Umesikia hicho kikohozi mlangoni? Ni Doto huyo. Zamani hakuwa anakohoa, ameanza tu mwenyewe siku hizi, na mimi simuulizi. Ngoja nimtolee ukoko wake.